Upepo wa Mpira Una Kipimo Chake

Hakuna kijiji wala mtaa katika nchi yetu ambamo mpira haujulikani. Watoto wadogo wasio na fedha huufunga kwa majani makavu ya mgomba na kamba. Wanafunzi huchanga faranga zao mpaka wapate kununua ule wa dukani. Wazee nao huketi kando ya kiwanja na kutoa mashauri kwa sauti kubwa. Lakini ukiwauliza wote hao, “Mpira huu una upepo kiasi gani?”, wengi watakujibu kwa neno moja tu: “Umejaa.” Mmoja ataubonyeza kwa kidole gumba, mwingine ataudundisha, wa tatu atasema uongezwe kidogo. Kisha pampu itapigwa mpaka mkono uchoke.

Kujaa si kipimo. Mtungi hujaa, na ukizidisha maji humwagika. Jicho laona, nawe waacha. Upepo haumwagiki. Hukubali kusongwa, na kusongwa tena, mpaka kile kilichoushika kishindwe. Wazee walisema: ngoma ikivuma sana hupasuka. Na mpira ni vivyo hivyo.

Jambo hili si la wachezaji peke yao. Mpira wenye upepo wa kadiri hudumu, hutii mguu, wala hauumizi kichwa cha mtoto. Uliozidi au uliopungukiwa huleta hasara ya fedha, na mara nyingine hasara ya mwili. Basi wazazi, walimu na wanafunzi, tulitazame jambo hili kwa utaratibu.

HEWA INA UZITO

Watu wengi hudhani hewa si kitu, kwa sababu haionekani wala haishikiki. Sivyo. Lita moja ya hewa, karibu na usawa wa bahari, ina uzito wa gramu 1 na kidogo zaidi. Hewa yote iliyo juu yetu, kutoka ardhini mpaka juu sana, hutukandamiza. Mahali palipo sawa na bahari, kila sentimeta moja ya mraba hubeba uzito wa karibu kilo 1. Msukumo huo ndio uitwao atmosfera 1. Hatuusikii kwa sababu hutusukuma pande zote, hata kutoka ndani ya miili yetu.

Mwaka 1644 Mwitalia Evangelista Torricelli alieleza jambo hilo kwa mrija wa kioo na zebaki: hewa ya nje yaweza kuinua zebaki mrijani kimo cha sentimeta 76 hivi. Mfaransa Blaise Pascal akawaza hivi: ikiwa ni uzito wa hewa unaoinua zebaki, basi juu ya mlima, ambako hewa iliyobaki juu ni chache, zebaki itashuka. Mwaka 1648 shemeji yake Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme huko Ufaransa na vyombo vyake, na zebaki ikashuka kweli.

Mlima ule una kimo cha mita 1465. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1460 juu ya bahari. Maana yake, wenyeji wa Bukavu na Goma huishi, hulima na hucheza mpira katika kimo kile kile ambacho Périer alikitafuta kwa kupanda mlima. Hewa yao haisukumi kwa atmosfera 1 nzima, ila kwa 0,83 hivi. Tuliweke neno hili akilini, maana tutalihitaji.

NGUVU ILIYOFICHWA NDANI YA MPIRA

Mpira wa miguu wa watu wazima una mzingo wa sentimeta 68 hadi 70. Wanafunzi wa hesabu wataona kwamba ndani yake mna nafasi ya lita 5 na nusu hivi. Tukiutia upepo wa atmosfera 0,8 kupita hewa ya nje, je, ngozi yake hubeba nguvu gani?

Fikirini kwamba mpira umekatwa nusu mbili, kisha nusu hizo zimeshonwa pamoja. Upepo wa ndani husukuma nusu hizo zitengane kwa nguvu ya kilo 300 na zaidi, yaani kama magunia matatu ya kilo 100. Nguvu hiyo hushikwa na mshono wote wa sentimeta 69, hata kila sentimeta moja ya mshono huvutwa na karibu kilo 4 na nusu. Ukizidisha upepo mara mbili, kila sentimeta itavutwa na kilo 9. Nyuzi haziongezeki, gundi haiongezeki. Mzigo tu ndio ulioongezeka. Hapo tena mchezaji mwenye nguvu akiupiga, au mpira ukiangukia mwiba au jiwe kali, si ajabu upasuke.

Hata katika michezo mikubwa jambo hilo limetokea. Huko Uingereza, katika mchezo wa mwisho wa Kombe la FA mwaka 1946, mpira ulipasuka mbele ya umati wote. Na mwaka 1947, katika mchezo wa mwisho wa kombe lile lile, ukapasuka tena. Vita Kuu ya pili ilikuwa imekwisha juzi tu, na ngozi njema ilikuwa adimu. Twajifunza kwamba upepo hupimwa kwa kadiri ya kile kinachoushika: mpira mkuukuu hauwezi kubeba mzigo wa mpira mpya.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria za mpira wa miguu zinasema wazi: mpira uwe na uzito wa gramu 410 hadi 450 mchezo unapoanza, na upepo wake uwe wa atmosfera 0,6 hadi 1,1. Baadhi ya vipimo huandikwa kwa ratili za Kiingereza kwa inchi ya mraba. Hapo ni ratili 8,5 hadi 15,6. Mpira wa wavu unataka upepo mdogo zaidi, yaani kilo 0,30 hadi 0,325 kwa sentimeta ya mraba, maana hupigwa kwa mikono na vidole. Mpira wa kikapu mara nyingi huandikwa ubavuni ratili 7 hadi 9.

Basi yule atiaye mpira wa wavu upepo sawasawa na mpira wa miguu amekosa sana, wala wasichana wetu wa shule wasishangae vidole vikivimba. Kabla ya kugusa pampu, someni maandiko yaliyo karibu na tundu la upepo. Kiwanda kimekwisha kupima. Kazi yetu ni kutii.

Kipimo cha upepo kikichomekwa katika mpira huonyesha ile ziada tu, yaani upepo unaopita hewa ya nje. Mpira uliolegea kabisa huonyesha sifuri, ijapokuwa ndani yake mna hewa.

KICHWA CHA MTOTO

Sasa tuseme neno juu ya miili. Mpira wenye upepo wa kadiri ukigonga kichwa hubonyea kidogo, kama mtu aangukaye juu ya godoro; nguvu yake huenea katika muda mrefu zaidi kidogo na mahali papana zaidi. Mpira uliokazwa kupita kiasi haubonyei. Nguvu yote huja mara moja, mahali padogo. Mchezaji huona nyota mchana.

Jeff Astle, mshambuliaji wa Uingereza aliyesifika kwa kufunga mabao ya kichwa, alikufa mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 59. Uchunguzi rasmi wa kifo chake ulitamka kwamba kupiga mipira mizito ya ngozi kwa kichwa, miaka mingi, kulichangia kuharibu ubongo wake. Mipira ile ya zamani ilikunywa maji ya mvua ikawa mizito sana. Tangu mwaka 2020 vyama vya mpira vya Uingereza, Scotland na Ireland ya Kaskazini vimetoa shauri kwamba watoto wa shule za msingi wasifundishwe kupiga mpira kwa kichwa wakati wa mazoezi.

Sisi nasi tuwe na busara. Sheria imeacha nafasi kati ya 0,6 na 1,1: watoto wapewe upande wa chini. Tena wapewe mpira wa kadiri yao: namba 3 kwa wadogo sana, namba 4 kwa wale wa miaka 8 hadi 12, na namba 5 kwa wakubwa.

Lakini msidhani kwamba mpira mlegevu ni salama kwa kila njia. Hauendi mbali, kwa hiyo kijana huupiga kwa nguvu zote na kuumiza goti au kifundo cha mguu. Hauruki sawasawa. Tena ngozi yake hujikunja kila unapopigwa, na mahali palipojikunja mara nyingi huchanika mapema.

JUA NA KIMO CHA MLIMA

Hewa ikipata joto hutaka kupanuka. Ndani ya mpira haina nafasi ya kupanuka, basi husukuma zaidi. Mathalani, mpira umejazwa Bukavu asubuhi yenye ubaridi wa digrii 15, kwa atmosfera 0,8. Ukiachwa juani mpaka upepo wa ndani ufikie digrii 45, kipimo kitaonyesha karibu 0,97, ingawa hakuna aliyegusa pampu. Na kama asubuhi ulikuwa umejazwa mpaka ukomo wa sheria, adhuhuri umekwisha kuuvuka.

Baridi nayo hufanya kinyume. Huko Marekani, tarehe 18 Januari 2015, mipira ya timu ya New England Patriots, katika ule mpira wao wa kukimbia nao mkononi, ilipimwa katikati ya mchezo ikaonekana kuwa chini ya kipimo cha sheria. Ukazuka ugomvi mkubwa. Wengine walisema ni mkono wa mtu; wengine, wakiwemo wataalamu wa elimu ya maumbile, walisema upepo uliopimwa katika chumba chenye joto lazima upungue nje penye baridi. Timu ilitozwa faini ya dola milioni 1, na mchezaji wake mashuhuri Tom Brady akakosa michezo 4. Ugomvi wote huo ulizaliwa na upepo kidogo tu! Basi pimeni mpira mahali pa kuchezea, saa ya kucheza.

Kimo cha nchi nacho kina neno lake. Mpira uliotiwa atmosfera 0,8 pwani, ukapandishwa mpaka Bukavu, utakuta hewa ya nje imepungua, na ziada yake itakuwa 0,97 hivi, hata kama joto halikubadilika. Anayeteremka kutoka Bukavu kwenda Kalemie, ulio karibu mita 770 juu ya bahari, ataona mpira wake umelegea kidogo, wala hautoboki mahali popote.

Hii hapa hesabu kwa wanafunzi. Pampu moja huchukua desilita 1 ya hewa kila inapopigwa. Mpira wa lita 5 na nusu umekwisha kuwa mviringo, lakini kipimo ni sifuri. Ili ufike 0,8, mtu wa pwani atapiga pampu mara 44. Mtu wa Bukavu je? Kila pigo lake huingiza hewa nyepesi zaidi. Kwa hiyo atapiga mara 53. Asijilaumu kwamba mkono wake ni dhaifu.

KUTOKA KIBOFU CHA NGURUWE

Zamani huko Ulaya mpira ulikuwa kibofu cha nguruwe kilichofunikwa kwa ngozi, nacho kilijazwa kwa kupulizwa kwa mdomo. Katika mji wa Rugby, Uingereza, aliishi fundi wa viatu na mipira aitwaye Richard Lindon. Huelezwa kwamba mke wake alipuliza vibofu vingi sana, vingine vya wanyama wagonjwa, hata akapata maradhi ya mapafu akafa. Mnamo mwaka 1862 Lindon aliacha kibofu cha mnyama akatumia cha mpira, kisha akatengeneza pampu ya mkono, kwa sababu kibofu kile kipya kilikuwa kigumu kupulizwa. Pampu tunayoishika leo ilizaliwa na msiba wa nyumba moja.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa mifugo huko Belfast, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa gurudumu lenye upepo, alilolitengeneza kwanza kwa baiskeli ndogo ya mwanawe. Tangu hapo ulimwengu ukawa na njaa ya utomvu wa mpira. Wazee wetu ndio waliolipa. Katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold II tangu 1885 hadi 1908, watu walilazimishwa kutafuta mpira wa porini, na wengi waliteswa, walikatwa mikono na kuuawa. Lugha yetu huita utomvu ule na mchezo huu kwa neno moja, mpira. Vijana wanaoufurahia wasiwasahau waliouchuma kwa machozi.

Tena, mwaka 1939 watawa Wabenedikto wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walianzisha timu ya mpira wakaiita Saint-Georges. Baadaye ikapewa jina la Englebert, kampuni ya Ubelgiji iliyotengeneza matairi. Kwa jina hilo la matairi ilitwaa kombe la klabu bingwa za Afrika mwaka 1967 na 1968. Leo twaijua kama TP Mazembe.

NAMNA YA KUJAZA

1. Lowesheni sindano ya pampu kwa maji safi au gliserini. Msitumie mafuta ya kupikia wala grisi, maana hula mpira.

2. Ingizeni sindano wima, polepole. Ukiisukuma kwa upande utatoboa kibofu cha ndani, na fundi atadai fedha zaidi ya bei ya sindano kumi.

3. Pigeni pampu taratibu. Hewa inaposongwa hupata joto. Ndiyo sababu kitako cha pampu huchoma mkono. Acheni mpira upoe kwanza, ndipo mpime.

4. Msipeleke mpira kwenye mashine ya upepo ya kujazia matairi ya lori. Nguvu yake ni kubwa mno, nayo huupasua mpira kabla hamjahesabu mpaka tano.

5. Mkiwa mmekwisha kuchomoa sindano, tieni tone la maji juu ya tundu. Povu likionekana, upepo watoka. Shughulikieni mapema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

6. Mkiuweka mpira siku nyingi, punguzeni upepo kidogo, lakini msiutoe wote. Uwekeni kivulini, mbali na jiko.

Na wasio na kipimo? Kwa mpira wa kikapu, sheria ya miaka mingi ilitoa njia nzuri: uangushwe kutoka mita 1,80, ukipimwa upande wake wa chini, nao uruke mpaka kati ya mita 1,20 na 1,40, ukipimwa upande wake wa juu. Kwa mpira wa miguu fanyeni hivi: azimeni kipimo siku moja tu, jazeni mpira sawasawa, kisha uangusheni kutoka mita 2 juu ya sakafu ya saruji, karibu na ukuta. Tieni alama ya chaki mahali ulipofika uliporuka. Siku nyingine, sakafu ile ile na ukuta ule ule vitawapa jibu bila kipimo. Alama ya chaki haina upendeleo, nayo humaliza mabishano.

BAISKELI, LORI NA ZIWA

Elimu hiyo hiyo hutumika kwingine. Gurudumu la baiskeli linalobeba kilo 50, likiwa na upepo wa kilo 3 kwa sentimeta ya mraba, hukanyaga ardhi kwa sentimeta za mraba 17 hivi. Ukipunguza upepo hata nusu, hukanyaga kwa mara mbili: baiskeli huwa nzito, na tairi huliwa upesi. Ukizidisha, tyubu hupasuka njiani na mama hufika sokoni amechelewa. Kipimo kimeandikwa ubavuni mwa tairi.

Tairi la lori ni jambo la hatari kweli. Linapojazwa, mtu asisimame mbele ya ubavu wake wala asiliinamie; tairi likipasuka au chuma cha gurudumu kikifyatuka, huua. Wazazi, waondoeni watoto mahali hapo.

Mwisho ni zile tyubu za malori ambazo watoto wetu huelea nazo ziwani. Tyubu iliyojazwa hata ikakaza, kisha ikaachwa juani siku nzima, yaweza kupasuka penye kina. Iachiwe nafasi kidogo, ikaguliwe kila siku, na asiyejua kuogelea asiende nayo mbali na ufuko. Tyubu si koti la kuokoa maisha.

Basi, kila shule na kila timu ichague kijana mmoja mwaminifu awe mtunza mpira. Apewe pampu, sindano, kitambaa na kipande cha chaki, na kabla ya kila mchezo aukague mpira mbele ya wote. Kazi hii haina makofi wala mabao. Lakini mpira uliochangiwa na wazazi maskini utadumu mwaka badala ya mwezi, na watoto watarudi nyumbani jioni vichwa vyao vikiwa vizima.